Simu ya Mlio Mmoja



Kuhifadhi mali ni wajibu, kama ulivyo wajibu kuichuma kwa njia ya halali. Mwizi wa zamani alikuwa akivunja mlango usiku. Mwizi wa leo hagusi mlango wala kufuli, bali hukufanya wewe mwenyewe umpelekee mali yako kwa mkono wako. Katika hila zake iko moja iitwayo wangiri, neno la Kijapani lenye maana ya kulia mara moja kisha kukata; kwani huko Japani ndiko ilikojulikana mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ikaenea duniani.

Sura yake ni hii. Simu yako yalia mara moja tu, kisha yanyamaza. Ukiitazama waona nambari ya nchi ya mbali usiyoijua. Mlaghai hakukusudia uipokee, na kwa kuwa simu isiyopokelewa hailipiwi, yeye hagharimiki kitu. Mashine yake yaweza kuwapigia watu maelfu hivyo hivyo. Alitakalo ni wewe umrudishie simu.

Huenda ukauliza: Nikimpigia mimi, yeye apata nini? Jawabu ni kuwa kampuni yako ya simu haiipeleki sauti yako ng'ambo bure. Huilipa kampuni ya huko kwa kila dakika, kisha hukutoza wewe. Ziko nambari ambazo malipo yake ya dakika ni makubwa mno, na aliyezikodi hupewa fungu lake katika malipo hayo. Ndiyo sababu ukipiga wasikia muziki, au sauti ikikwambia ungoje kidogo, au hata mlio kama wa simu ambayo haijapokelewa, ilhali imekwisha kupokelewa na hesabu yaenda. Kila dakika unayongoja ni chumo lake, na chumo hilo ni kula mali ya watu kwa batili.

Mwezi wa Mei mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliwaonya watu wake juu ya simu hizi, zilizokuwa zikipigwa usiku wa manane, nyingi zikiwa na tarakimu 222, ambazo ni za Mauritania. Usiku wa manane mtu huamka na hofu, akadhani pana msiba, akapiga kabla ya kufikiri. Wala tusiwadhanie vibaya watu wa nchi yoyote kwa tarakimu hizo, kwani nambari inayoonekana yaweza kuwa ya uongo.

Nasi watu wa pwani tuna milango miwili iliyo wazi kwa hila hii. Wa kwanza ni ada yetu ya kumlizia mtu simu mara moja na kukata, ili yeye ndiye apige na kulipa. Tumezoea kurudisha simu bila kuuliza ni ya nani. Wa pili ni kuwa tuna wana na jamaa Ghuba, Komoro na kwengineko. Mama ambaye mwanawe yuko kazini Uarabuni, akiona nambari ya ng'ambo, moyo wake hupiga kabla ya kidole chake.

Mtu atasema: Je, nikiacha kupiga, si nimekata udugu? La. Aliye na shida ya kweli hataliza mara moja akatoweka. Atapiga tena, au ataandika ujumbe na kujitaja jina. Nawe ukitaka kutulia, mpigie mwanao kwa nambari yake uijuayo. Kuhakikisha khabari kabla ya kuifuata hakuvunji udugu wowote.

Basi yashikeni haya:

1. Tazama tarakimu za mwanzo. Zetu ni 254, za Tanzania 255. Lakini 253 ni za Jibuti, 257 za Burundi, na 269 za Komoro. Tarakimu moja tu yakupeleka nchi nyingine na bei nyingine.

2. Nambari ya ng'ambo usiyoijua, usiirudishie simu. Ukiwa umekwisha kupiga na wasikia muziki au kungojeshwa, kata mara moja.

3. Ujumbe ukikwambia umeshinda zawadi, nawe ujibu neno moja tu, usijibu. Huenda jibu hilo likawa ni idhini ya kukatwa fedha kila siku.

4. Mwenye simu ya duka inayolipiwa mwisho wa mwezi azidishe hadhari. Mwenye kununua kredi hukomea kwenye kredi yake, lakini huyu khasara humrundikia bila ya kuiona. Na aiombe kampuni ifunge simu za ng'ambo ikiwa hana haja nazo.

5. Mwenye kusafiri kwenda Hija au Umra na laini yake ya hapa aulize bei kabla ya kuondoka, kwani akiwa huko hata kupokea simu kwaweza kutozwa.

6. Ukishapatwa, iarifu kampuni yako upesi, na ikibidi Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Na enyi vijana, wafundisheni wazee wenu haya kwa upole. Aliyelaghaiwa msimcheke, kwani kicheko chenu kitamfanya afiche khasara yake, na jirani yake apatwe na iyo hiyo kesho.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie mali zetu, na atuepushe na kula za wenzetu. Amin.