Kisigino Kisichoonekana: Somo la Kufuma Soksi kwa Mkono



Mwezi huu twapenda kuwapa somo la kazi ya mkono, nayo ni kufuma soksi. Huenda mmoja atauliza, "Gazeti la kanisa lina shauri gani na soksi?" Twamjibu hivi. Kwanza, mguu unaoumwa na baridi ni mguu wa ndugu yetu. Nao wakaao nyanda za juu, kama Makete na Njombe, hawana haja ya kuelezwa baridi ya mwezi wa Juni na Julai ilivyo. Pili, kazi hii ndogo iliwahi kuwa mlango wa shule ya watoto katika usharika mmoja wa Kilutheri huko Ulaya, kama tutakavyoeleza mbele. Tena soksi yenyewe ina fundisho lake: sehemu iliyofichwa ndani ya kiatu ndiyo ichukuayo uzito wa mtu. Neno hilo tulishike tangu mwanzo wa somo hata mwisho.

1. Asili ya kazi hii

Kuvika mguu kwa sufu ni jambo la zamani sana. Katika makaburi ya kale ya Misri, mahali paitwapo Oxyrhynchus, zimeonekana soksi za sufu zenye umri wa miaka zaidi ya 1500. Ncha zake zimegawanyika sehemu mbili, kidole gumba mbali na vidole vingine mbali, ili mtu apate kuvaa na ndara. Soksi hizo zilifanywa kwa sindano moja yenye tundu. Ufumaji wa sindano nyingi ulikuja baadaye. Katika Ujerumani, mchoraji aitwaye Meister Bertram alichora yapata mwaka 1400, katika madhabahu ya Buxtehude, picha ya Mariamu akifuma vazi la mtoto Yesu kwa sindano nne, kwa kuzunguka, pasipo mshono. Picha hiyo imewekwa Hamburg hata leo.

Mwaka 1589 Mwingereza William Lee akatengeneza mashine ya kufumia soksi, na siku hizi soksi nyingi za madukani zatoka katika mashine. Basi kwa nini tufume kwa mkono? Kwa sababu soksi ya mkono hupimwa kwa mguu wa mtu mmoja, huongezewa nguvu mahali ilikaliwapo na uzito, na ikitoboka hutengenezeka.

2. Vyombo na hesabu

Tafuta sindano 5 zenye ncha pande zote mbili, unene wake milimita 2 na nusu, na uzi mwembamba wa sufu gramu 100, ambao watosha jozi moja ya mtu mzima. Uzi wa sufu uliochanganywa na nailoni kidogo, kama sehemu moja katika nne, hudumu kuliko sufu tupu.

Kabla ya kuanza, fuma kipande kidogo cha kujaribia, ukahesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Kwa uzi na sindano tulizozitaja hupatikana kama vitanzi 30. Kisha pima mguu kwa kuuzungushia kamba penye unene. Soksi na iwe nyembamba kuliko mguu kwa sehemu moja ya kumi, ili ishike wala isikunjamane kiatuni. Kwa watu wazima wengi vitanzi 64 vyafaa. Kwa mtoto mwenye mguu mdogo, 48.

Vitanzi vyote vya kazi hii ni vya namna mbili tu. Katika kitanzi cha mbele, uzi hukaa nyuma ya kazi, nayo ncha ya sindano huingia toka mbele, ikauvuta uzi na kuuleta mbele. Katika kitanzi cha nyuma, uzi hukaa mbele, nayo ncha huingia toka nyuma, ikaupeleka uzi nyuma. Wajerumani huviita kitanzi cha kulia na kitanzi cha kushoto. Ajuaye namna hizi mbili amekwisha kupata herufi zote. Yaliyobaki ni kusoma.

3. Kutoka juu mpaka kisiginoni

Anza na vitanzi 64, usivikaze, maana mguu mzima utapita hapo. Vigawe katika sindano 4, vitanzi 16 kila moja. Sindano ya tano ndiyo ya kufumia. Angalia mzunguko usijisokote kabla ya kuunganisha, maana ukijisokota hapana dawa ila kufumua.

Fuma shingo ya soksi: vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, hivyo hivyo pande zote, kwa urefu wa sentimita 4 au 5. Namna hii hutanuka na kurudi, ndiyo maana yashika mguu pasipo kamba. Kisha fuma vitanzi vya mbele vitupu, urefu wa sentimita 15 au zaidi, kwa kadiri upendavyo.

Sasa twafika kisiginoni, na hapa wengi hukata tamaa. Twaomba msomaji aende polepole, sindano mkononi, kwa maana maneno haya huonekana magumu yakisomwa, nayo ni mepesi yakitendwa.

Vitanzi 32, yaani nusu ya vyote, viweke katika sindano moja. Vile 32 vingine vipumzike. Fuma vile vya kwanza kwa kwenda na kurudi, safu 32, upate ukuta wa kisigino. Safu ya kwenda hufumwa kwa vitanzi vya mbele, na ya kurudi kwa vitanzi vya nyuma. Kitanzi cha kwanza cha kila safu kihamishe pasipo kukifuma, ili pembeni upate vitanzi virefu 16 kila upande. Ukitaka ukuta wenye nguvu, katika safu za kwenda hamisha kimoja na kufuma kimoja, hivyo hivyo mpaka mwisho. Uzi utapita nyuma ya vile vilivyohamishwa, na kisigino kitakuwa kinene maradufu.

Baada ya ukuta, fanya kofia ya kisigino. Vigawe vitanzi 32 kwa mawazo: 10 vya upande mmoja, 12 vya katikati, 10 vya upande wa pili. Fuma vitanzi 21, cha 22 na cha 23 vifume pamoja viwe kimoja, geuza kazi. Hamisha cha kwanza, fuma 10 vya nyuma, viwili vinavyofuata vifume pamoja, geuza. Endelea vivyo hivyo, kila safu ikimeza kitanzi kimoja cha upande, mpaka vibaki vile 12 vya katikati tu. Tazama, kitambaa kilichokuwa bapa kimekuwa kikombe, nacho chapokea kisigino cha mtu.

Kisha okota vitanzi 16 pembeni mwa ukuta, upande huu na huu, ukarudi kufuma kwa mzunguko pamoja na vile 32 vilivyopumzika. Jumla ni 76. Katika kila mzunguko wa pili punguza vitanzi viwili, kimoja kila upande penye pembe za ukuta, mpaka virudi 64. Katika pembe hizo hupenda kubaki tundu. Liondoe kwa kuokota kitanzi kimoja zaidi hapo, ukakifuma pamoja na jirani yake katika mzunguko unaofuata.

4. Wayo na ncha

Fuma wayo pasipo kupunguza, mpaka zibaki kama sentimita 5 kufika ncha ya vidole. Ndipo upunguze vitanzi 4 katika kila mzunguko wa pili, viwili kila ubavu wa mguu, mpaka vibaki 32. Kisha katika kila mzunguko, mpaka vibaki 8. Kata uzi, upitishe katika vile 8, uvute, uufiche ndani. Soksi moja imekwisha. Usipumzike siku nyingi kabla ya kuanza ya pili, maana mkono husahau ulivyokaza, na jozi itakuwa ya ndugu wasiofanana.

5. Mitindo mingine

Aliyekwisha kufuma jozi mbili tatu kwa njia hii anaweza kujaribu nyingine. Wako waanzao kwenye vidole na kupanda juu. Faida yake ni kwamba uzi ukipungua shingo huwa fupi, lakini mguu umekwisha kuvikwa. Wengine hufanya kisigino cha safu fupi, pasipo ukuta wala kuokota: kila safu huacha kitanzi kimoja zaidi upande wake, kisha huvirudia kimoja kimoja. Kisigino hicho ni chepesi kufuma, ila chambana mtu mwenye mguu mnene juu.

Iko pia soksi isiyo na kisigino kabisa. Hufumwa kama bomba, na mbavu zake husogezwa kitanzi kimoja kila baada ya mizunguko michache, zikapanda kwa kuzunguka kama mzabibu. Hiyo yafaa watoto, kwa kuwa mguu ukikua kisigino hujitafutia mahali pake. Tena haichakai mahali pamoja.

Kwa pambo, mtu aweza kupitanisha vitanzi vitatu juu ya vitatu, upate mfano wa nywele zilizosukwa. Au aweza kufuma kwa nyuzi za rangi mbili, kama wafanyavyo watu wa Selbu katika Norwei, ambao nyota yao yenye petali nane, nyeusi juu ya nyeupe, yajulikana mbali. Lakini uzi usiotumika hupita nyuma ya kazi; ukiulegeza sana vidole vitaunasa, ukiukaza sana mguu hautapita.

6. Shule ya sindano katika Bonde la Mawe

Sasa tueleze habari tuliyoahidi. Katika milima ya Vosges, mkoa wa Alsace, nchi ya Ufaransa, kuna bonde liitwalo kwa Kijerumani Steintal, yaani Bonde la Mawe. Zamani lilikuwa bonde la umaskini, ardhi yake nyembamba na theluji yake nyingi. Mwaka 1767 mchungaji wa Kilutheri Johann Friedrich Oberlin, mzaliwa wa Strasbourg, alifika huko katika kijiji cha Waldersbach, akakaa mpaka kufa kwake mwaka 1826.

Katika kijiji cha Belmont msichana mmoja, Sara Banzet, alikuwa akiwakusanya watoto wadogo na kuwafundisha kufuma. Oberlin alipopata habari hakusema kwamba hiyo ni kazi ya wanawake, isiyomhusu mchungaji. Mwaka 1769 alipatana naye aifanye kazi hiyo kwa ajili ya usharika. Ndipo vijiji vya bonde vikapata vyumba vya kufumia, vyenye moto wa kuotea baridi. Humo watoto waliketi kumzunguka mwalimu wao. Mikono yao ilifuma, na masikio yao yakasikia habari za Maandiko. Waliimba, wakajifunza majina ya mimea, wakajifunza Kifaransa, ambacho hawakukisema nyumbani. Wataalamu wa malezi huzihesabu shule hizo kati ya shule za kwanza za watoto wadogo katika Ulaya.

Sara alikufa mwaka 1774, hata miaka 30 hakuitimiza. Baada yake walifuata wengine, na mmoja wao ni Louise Scheppler wa kijiji cha Bellefosse, aliyezaliwa mwaka 1763. Aliingia katika nyumba ya Oberlin akiwa msichana. Mke wa mchungaji alipofariki mwaka 1783, Louise aliwalea watoto wake, akaomba asilipwe mshahara, bali ahesabiwe kuwa mtoto wa nyumba ile. Mwaka 1829 Chuo cha Ufaransa, kilichoko Paris, kilimpa tuzo kwa ajili ya wema wake. Alifariki mwaka 1837.

7. Fundisho letu

Jina la Oberlin lajulikana hata Marekani, ambako mji na chuo viliitwa kwa jina lake tangu mwaka 1833. Jina la Sara Banzet wachache walijua. Lakini watoto wa Belmont hawakufundishwa kufuma na jina kubwa; walifundishwa na msichana aliyeketi kati yao. Yeye alikuwa kisigino cha kazi ile. Uzito ulikuwa juu yake, naye alikuwa amefichwa.

Katika sharika zetu wako wa namna hiyo: afagiaye kanisa kabla ya kupambazuka, mama afundishaye watoto nyimbo chini ya mti, mwalimu wa kijiji cha mbali ambaye habari zake haziandikwi. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho, katika sura ya 12 ya barua ya kwanza, kwamba mwili hauwezi kuvidharau viungo vyake vidogo. Soksi hutoboka kwanza kisiginoni na nchani. Fundi mwenye akili haongezi pambo shingoni huku kisigino chaisha. Hukaza ukuta, na tundu likianza hutililia mapema kwa uzi na sindano, lingali dogo. Na sisi tuwaangalie wachukuao uzito kabla hawajachoka, si baada ya kuanguka.

Tena twawasihi walimu: mahali ambapo wazazi wako shambani na watoto hawana wa kuwaangalia, mama mmoja mwenye sindano tano na moyo wa subira aweza kuanza. Hahitaji jengo. Awafundishe kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma, na wakati mikono yao inashughulika awaeleze habari za Dorkasi wa Yafa, ambaye wajane walizionyesha nguo alizowashonea.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini ukuta wa kisigino hufumwa mnene kuliko shingo ya soksi?
2. Oberlin aliona nini katika kazi ya Sara Banzet ambacho mwingine angekidharau?
3. Nani ni kisigino katika usharika wetu, nasi tumemsaidiaje mwaka huu?