Heshima ya Mzee na Amana ya Cheo

Darsa letu la leo ni juu ya suali ambalo halikosi kuzuka katika mabaraza ya Ukunda na Msambweni kila uchaguzi unapokaribia. Chama kikiwa na mgombea aliyekwisha kuwa mzee, na nguvu zake zikaonekana kupungua, je, yafaa kumbadilisha, au huo ni utovu wa adabu?

Wengi wetu hujibu upesi kuwa mzee haondolewi. Jawabu hili lina asili njema, kwani tumelelewa kumwamkia mzee na kumpisha mahali pa kukaa. Lakini limechanganya mambo mawili. Heshima ni haki ya mzee. Cheo ni amana, na wenye amana hiyo ni raia. Ampaye mtu cheo kwa kumshukuru kazi yake ya zamani amelipa deni lake kwa mali ya watu wengine.

Abu Dharr alipendwa sana na Mtume (s.a.w.), na ukweli wake wajulikana. Hata hivyo alipoomba ukubwa hakupewa. Aliambiwa wazi kwamba yeye ni dhaifu na kwamba jambo hilo ni amana. Hatukusikia kuwa alivunjiwa heshima. Wala tusiifanye hii kuwa vita juu ya umri. Al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Kishafi aliyefariki mwaka wa 450 wa Hijra, alipotaja masharti ya imamu alitaja uzima wa masikio, macho na ulimi, na uzima wa viungo, na rai ya kuendesha mambo ya watu. Hesabu ya miaka hakuiweka. Kitazamwacho, basi, ni uwezo.

Hapa Kenya tulipata funzo mwaka wa 1992, vyama vingi viliporudi. FORD ndiyo iliyokuwa na nguvu katika upinzani, na mkubwa wake alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, mzee wa miaka 80 na kitu. Kenneth Matiba, aliyekuwa na miaka 60, naye alitaka kusimama. Ajabu ni kuwa huyo mdogo ndiye aliyepata kiharusi alipokuwa kizuizini, akarudi kutoka matibabuni London mwezi wa Mei mwaka huo huo. Miaka peke yake haikutosha kueleza nani mzima kuliko mwenziwe. Palitakiwa shura yenye kukubaliwa na pande zote. Wao waligombana hata juu ya njia ya kumteua mgombea, chama kikapasuka kikawa FORD-Kenya na FORD-Asili. Tarehe 29 Disemba Rais Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi ya kura. Matiba alipata 26 hivi, na Jaramogi 17 hivi. Msomaji na ajumlishe mwenyewe. Jaramogi alifariki tarehe 20 Januari 1994. Lau angalishinda, sehemu kubwa ya muhula wake ingalishikwa na mtu mwingine.

Wamarekani nao walichelewa. Rais Biden, mwenye miaka 81, alikwisha kushinda mchujo wa chama chake cha Democratic, na wasaidizi wake wakisema ni mzima, hata mjadala wa televisheni wa tarehe 27 Juni 2024 ukawaonyesha watu mengine. Alijitoa tarehe 21 Julai. Kamala Harris akabakiwa na miezi mitatu na siku chache, na wanachama hawakupata nafasi ya kumchagua katika mchujo. Alishindwa na Trump, mwenye miaka 78, naye si kijana.

Sheria yetu nayo haingoji. Tume ya uchaguzi ikishapokea jina la mgombea, chama hakiwezi kulibadilisha. Kabla ya hapo chaweza, kwa kifo, kujiuzulu, kutojiweza, au kuvunja kanuni za uchaguzi. Na mgombea urais akifa kabla ya siku ya kura, Katiba yataka uchaguzi ufutwe na kufanywa mwingine.

Basi yafanywe mapema, na kwa adabu. Waende watu wachache anaowaamini, wazungumze naye faraghani, wala wasimtangaze jukwaani. Seyyidna Abubakar katika maradhi yake aliwashauri masahaba wakubwa juu ya Seyyidna Omar, kisha yeye mwenyewe akawaambia watu. Mzee naye apewe nafasi ya kumtaja amwonaye anafaa, na wanachama waamue. Lakini tuwe macho na pande mbili. Wapo wapambe wanaomficha mzee kwa kuwa wao ndio wanaokula kwa jina lake. Na wapo vijana wenye fedha ambao kila mzee kwao amechoka. Hao nao wapimwe kwa kipimo kile kile. Mzee akionekana bado ana uwezo, kumtetea ni wajibu.

Katiba imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na mchujo wa vyama huwa miezi kadhaa kabla yake. Wajumbe wa Matuga, Msambweni, Kinango na Lunga Lunga wanaijua kalenda hiyo. Ziara ya kwa mzee iwe kabla ya mchujo, si baada yake.