Vifuu vya Nazi na Mabaki ya Dawa Kwenye Maji ya Kisima
Kijitabu kwa wakazi wa Kisauni

Dawa huingiaje kisimani?

Kidonge kikishamezwa hakiishii tumboni. Mwili huchukua kazi yake, na kinachobaki hutoka chooni. Metformini, dawa ya kisukari, hutoka karibu yote kama ilivyoingia. Amoksisilini nayo, zaidi ya nusu yake hupita kwenye mkojo ikiwa bado na nguvu ya kuua bakteria.

Sehemu kubwa ya Kisauni haina mabomba ya maji taka. Tunatumia vyoo vya shimo, au matangi ambayo maji yake huzama ardhini. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe, wenye nyufa na matundu mengi, na maji hupenya humo upesi bila kuchujwa vya kutosha. Hatua chache kutoka choo kilipo ndipo kisima kilipochimbwa, kwa kuwa ploti ni ndogo na maji ya mfereji yanayotoka Baricho hayaji kila siku.

Hali kama hiyo imeshachunguzwa hapa nchini. Watafiti waliopima maji ya Nairobi na Kisumu, na kutoa matokeo yao mwaka 2016, walikuta dawa za kuua bakteria, za maumivu na za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kwenye maji taka na mitoni. Visima vifupi vilivyo jirani na vyoo vya shimo navyo havikusalimika. Mwaka 2022 ulitoka uchunguzi wa mito 258 katika nchi 104, na mabaki ya dawa yalionekana katika kila bara.

Je, tuogope?

Kiasi kinachopatikana ni kidogo mno, mara nyingi sehemu za bilioni au za milioni ya gramu kwa lita. Hakuna atakayelewa dawa kwa bilauri moja ya maji. Hofu yetu iko kwingine: bakteria wanaoishi siku zote katika dawa hafifu hupata nafasi ya kujifunza kuihimili. Usugu wa bakteria kwa dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Viumbe wa majini nao huumia. Kule Kanada, wanasayansi walitia homoni ya vidonge vya kupanga uzazi katika ziwa dogo la majaribio kuanzia 2001 hadi 2003, kwa kiwango kisichozidi sehemu chache za bilioni ya gramu kwa lita. Samaki dume wakaanza kuwa na dalili za jike, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani humo.

Hata hivyo, mtu asiache dawa zake kwa sababu ya haya. Anayemeza ARV, dawa ya kisukari au ya presha aendelee kumeza kama alivyoelekezwa. Maji yasafishwe, mgonjwa asilaumiwe.

Kifuu kinasaidia vipi?

Kuchemsha maji huua vijidudu lakini dawa nyingi hubaki sufuriani. Klorini nayo haiondoi zote. Kinachozikamata vizuri ni kaboni amilifu, na mojawapo ya malighafi bora za kuitengeneza ni kifuu cha nazi iliyokomaa. Kifuu ni kigumu na kizito, na makaa yake huwa na vitundu vidogo sana. Dafu halifai kwa kazi hii, kwani kifuu chake bado ni laini. Duniani watu hutumia pia makapi ya mpunga, kumvi za kahawa na makapi ya miwa, lakini sisi tuna vifuu vya kutosha: nazi za Kilifi na Kwale hukunwa kila siku majumbani na hotelini, na vifuu huishia jikoni kama kuni au jalalani.

Kwanza vifuu huchomwa katika tanuri lisiloingiza hewa, kwa joto la nyuzi 400 hadi 600 hivi. Makaa yanayopatikana hupitishiwa mvuke kwa joto la nyuzi 800 hadi 900. Mvuke huo hula kaboni kutoka ndani na kufungua vitundu visivyohesabika. Gramu moja ya kaboni nzuri ina kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 1,000 na zaidi, yaani zaidi ya ploti mbili za futi hamsini kwa mia. Molekuli za dawa hunata kwenye kuta hizo maji yanapopita.

Kwa hiyo makaa ya jikoni siyo kaboni amilifu. Kuyasaga na kuyatia ndani ya ndoo ya maji kutakupa maji meusi na imani isiyo na msingi. Kuna pia njia ya kutumia asidi au kemikali kali badala ya mvuke. Usiijaribu nyumbani kabisa. Huunguza ngozi na macho, na kaboni isiyosuuzwa vizuri huchafua maji yale yale.

Mipaka yake

Kaboni hukamata vizuri karbamazepini, ambayo ni dawa ya kifafa, na diklofenaki ya maumivu. Metformini hupenda sana maji, kwa hiyo humponyoka mchujaji kwa urahisi. Kaboni haiondoi chumvi, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Haiui bakteria; ikikaa na maji muda mrefu huwa makao yao. Tena huondoa klorini. Basi chuja kwanza, dawa ya maji itiwe baadaye.

Vitundu vikijaa, kaboni huacha kazi bila ladha wala rangi ya kukuonya. Ndiyo sababu sisi tunaona mahali pake hasa ni kwenye kisima cha jumuiya, kioski cha maji, na zaidi ya yote kwenye maji taka ya zahanati na hospitali kabla hayajazama ardhini, palipo na mtu wa kupima na kubadilisha kwa ratiba. Uswisi imefuata njia ya namna hiyo: tangu 2016 sheria yake inataka mitambo teule ya maji taka iondoe mabaki ya dawa, kwa ozoni au kwa kaboni amilifu.

Ya kufanya leo

Vijidudu bado ndio hatari ya kwanza kisimani. Funika kisima, jenga ukingo wake, choo kipya kichimbwe mbali kadiri ploti inavyoruhusu, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Vidonge vilivyobaki au kupitwa na wakati visitupwe chooni wala sinki. Mwulize mfamasia wa kemisti au zahanati ikiwa atavipokea. Usinunue dawa ya kuua bakteria bila kuandikiwa na mhudumu wa afya.

Ukiuziwa chujio la kaboni, uliza limetengenezwa kwa kitu gani, lina gramu ngapi, na baada ya lita ngapi libadilishwe. Muuzaji asiye na jibu la swali la mwisho, mwache na chujio lake. Kaboni iliyochoka usiitupe karibu na kisima wala usiipikie, maana ilichokamata bado kimo ndani yake. Ifunge vizuri na umrudishie aliyeiuza. Kiwandani inaweza kuchomwa upya kwa joto kali, vitundu vikafunguka na kaboni ikatumika tena.