Dondoo muhimu: Kabla ya kufungua kesi ya kiwanja

Mkazi wa Kihesa anayegombania mpaka wa kiwanja asikimbilie kufungua kesi. Amwone wakili mapema, mkataba wa mauziano ukiwa mkononi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Linasuluhisha tu, ndani ya siku 30. Ukiliruka ukaenda moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, shauri linaweza kutupwa kabla ushahidi haujasikilizwa, na ada umeshalipa. Kukaa kimya nako kuna hatari yake, maana madai ya kurudishiwa ardhi hukoma baada ya miaka 12.

Wapo watakaosema wakili ni wa wenye fedha. Gharama zipo, ni kweli, lakini shauri lililoandikwa vibaya hugharimu zaidi, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamwezesha asiye na uwezo kusaidiwa bure. Anayelipa mwenyewe ahakikishe kwenye mfumo wa e-Wakili kwamba huyo wakili anaruhusiwa kufanya kazi, amkwepe anayeahidi ushindi, kisha waandikiane: ada ni kiasi gani, inalipwa lini, nauli ya mashahidi inatoka mfukoni mwa nani. Na kila malipo yawe na risiti.