Amri chache za kompyuta kwa anayepiga biti jukwaani

Muziki wa singeli wa Dar es Salaam mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika. Ukifika 240, kila sekunde ina mapigo manne. Anayepiga biti akihangaika sekunde mbili kutafuta faili, MC anabaki mkavu kwa mapigo manane, na uwanja mzima unasikia. Dawa yake ni kuipanga shoo mapema kwenye skripti, yaani faili fupi la amri ambazo kompyuta inazifuata moja baada ya nyingine. Kwa kompyuta ya Windows, fanya hivi:

1. Weka biti zote za shoo kwenye folda moja, uzipe majina 01.wav, 02.wav na kuendelea. Ukimya wa mwanzo wa kila biti ukate kwa Audacity, programu ya bure.

2. Pakua mpv, programu ya bure ya kuchezea muziki, uiweke kwenye folda hiyohiyo.

3. Fungua Notepad, uandike:

@echo off
pause
mpv 01.wav
pause
mpv 02.wav

Hifadhi kwenye folda hiyohiyo kwa jina shoo.bat, ukichagua aina zote za mafaili. Usipochagua, huenda likawa shoo.bat.txt na lisifanye kazi.

4. Libofye faili hilo mara mbili. Neno pause huisubirisha kompyuta mpaka ubonyeze kitufe chochote, ndipo biti inaanza. Biti ikiwa hewani, kitufe kirefu cha nafasi huisimamisha na kuiendeleza, 9 hupunguza sauti, 0 huongeza, na q huikata.

Usibonyeze q mara mbili: ya pili itaanzisha biti inayofuata kabla MC hajawa tayari. Usibofye dirisha jingine, maana vitufe havitafika kwenye skripti. Zima intaneti, arifa na kompyuta kujilaza yenyewe.

Ukienda Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, kununua waya wa kuingia kwenye mikseri, nunua miwili. Waya hufa bila taarifa. Umeme ukikatika, kompyuta yenye betri itaendelea kucheza huku spika zimenyamaza. Simamisha biti na ushushe sauti ya mikseri kabla umeme haujarudi.

Mwisho, fanyeni mazoezi pamoja na mkubaliane ishara ya mkono ya kuanza na ya kukata. Skripti inakumbuka mpangilio. Lini biti iingie, anaamua MC anayeuona uwanja. Mtazame yeye.