Gitaa na Mkono: Somo la Vipimo Viwili



Nataka tujifunze habari ya vipimo viwili vya gitaa. Watu wengi hulinunua kwa kutazama rangi yake na mng'ao wake, wala hawapimi kitu. Kisha fedha imekwisha kutolewa, na mkono wakataa. Hapo mwenye gitaa hudhani kwamba hana kipawa, kumbe kosa si la kipawa chake.

Katika kijiji cha Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, vijana wachache waimbao pamoja walichanga fedha kwa muda wa mwaka mzima. Wengine wao huvua samaki, wengine hulima mwani, wengine hufanya kazi katika hoteli. Basi zilikuwa fedha za jasho. Wakanunua gitaa kubwa la nyuzi za chuma. Nilipowatembelea baada ya miezi miwili nilikuta limetundikwa ukutani, na vumbi limeanza kulikalia.

Nikauliza sababu. Kiongozi wao akanijibu, "Mchungaji, hawa ni wavivu tu. Binti huyu asema nyuzi ziko mbali, vidole havifiki. Kijana huyu mvuvi asema nyuzi zimebanana, vidole havipati nafasi. Gitaa ni moja. Itakuwaje maneno yote mawili yawe kweli?"

Basi, yalikuwa kweli yote mawili. Binti alikuwa akisema habari ya kipimo kimoja, na mvuvi akisema habari ya kipimo kingine. Tuvitazame kwa utaratibu.

Kipimo cha kwanza: urefu wa uzi

Uzi wa gitaa hulia kati ya mahali pawili. Juu, karibu na kichwa cha gitaa, pana kipande chembamba cha mfupa au cha plastiki chenye mifuo ambamo nyuzi hupita. Tukiite kizingiti cha juu. Chini, juu ya tumbo la gitaa, pana kipande kingine ambacho nyuzi huegemea. Tukiite kizingiti cha chini. Urefu kutoka kizingiti hiki mpaka kile ndio kipimo chetu cha kwanza.

Kukipima ni rahisi. Chukua utepe wa fundi cherehani, upime kutoka kizingiti cha juu mpaka freti ya kumi na mbili, yaani kile kipande cha madini cha kumi na mbili kilicholazwa juu ya shingo. Hesabu hiyo uizidishe kwa mbili. Freti ya kumi na mbili iko nusu ya safari ya uzi, na ndiyo sababu uzi ukibanwa hapo hulia sauti ile ile, lakini katika daraja ya juu.

Watu wa Unguja wamezoea udi tangu zamani. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Udi hauna freti, na mpigaji hutafuta mahali pa sauti kwa sikio lake. Lakini katika gitaa, fundi amekwisha kupaweka mahali hapo kwa hesabu: kila freti hukata karibu sehemu moja ya kumi na nane ya urefu uliobaki. Kwa hiyo uzi ukiwa mrefu, freti nazo hukaa mbali mbali. Uzi ukiwa mfupi, hukaribiana.

Urefu huu si mmoja kwa magitaa yote. Katika karne ya 19 fundi Antonio de Torres wa Hispania alitengeneza magitaa yenye urefu wa milimita 650, na mpaka leo magitaa mengi ya nyuzi za nailoni hufuata kipimo hicho. Kampuni ya Martin ya Marekani, ambayo mwanzilishi wake alikuwa fundi Mjerumani aliyehamia huko mwaka 1833, hutengeneza magitaa ya nyuzi za chuma yenye milimita 645, na mengine yenye 632. Mengine hupatikana yenye milimita 628. Magitaa madogo ya wanafunzi huwa karibu na 580.

Urefu wa uzi wafanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuamua vidole vitanuka kiasi gani. Katika gitaa la milimita 648, kutoka kizingiti cha juu mpaka freti ya nne ni milimita 134. Katika lile la 628 ni 130. Katika lile la 580 ni 120.

Kazi ya pili ni kuamua mkazo wa uzi, na hii ndiyo isiyoonekana kwa macho. Alimaye mwani aijua vema. Kamba fupi iliyofungwa kati ya vigingi viwili hunyooka kwa kuvutwa kidogo. Kamba ndefu yataka kuvutwa zaidi, la sivyo yalegea katikati. Ndivyo ulivyo uzi wa gitaa. Ukitaka uzi mrefu utoe sauti ile ile ya uzi mfupi ulio mnene sawasawa nao, huna budi kuukaza zaidi. Tena mkazo huongezeka upesi kuliko urefu: ukishuka kutoka milimita 648 mpaka 628, urefu umepungua sehemu tatu tu katika mia, lakini mkazo umepungua sehemu sita. Vidole vyaonja tofauti hiyo.

Je, tununue lililo fupi kabisa? Hapana. Mkazo nao una faida yake, maana uzi uliokazwa vema hulia kwa nguvu na sauti safi. Uzi uliolegea, hasa ule mnene, hutikisika na kugonga freti, na sauti yake huchakaa.

Kipimo cha pili: upana wa kizingiti

Sasa geuza utepe, uupitishe juu ya kizingiti cha juu, kutoka ukingo mmoja wa shingo mpaka wa pili. Huo ndio upana. Katika magitaa mengi ya nyuzi za chuma ni milimita 43. Katika mengine ni 44 na nusu. Katika magitaa ya nyuzi za nailoni ni karibu 52.

Mtu ataweza kucheka: milimita moja na nusu ni kitu gani? Lakini kumbuka kwamba nyuzi ni sita, na nafasi kati yao ni tano. Katika kizingiti cha milimita 43 nafasi kati ya uzi na uzi ni karibu milimita 7. Katika kile cha 52 hukaribia 9. Ncha ya kidole cha mtu mzima avutaye nyavu hujaza nafasi ya 7 na kuzidi, ikaugusa uzi wa jirani, na uzi ule ukanyamaza.

Yafaa pia kutazama namna ya kupiga. Apigaye nyuzi zote kwa pamoja ili kufuatana na waimbaji hasumbuliwi sana na shingo nyembamba. Lakini yuko apigaye uzi mmoja mmoja, kidole gumba kikishika nyuzi nene na kidole cha shahada kikiimba juu, kama alivyopiga Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake za Kiswahili mwaka 1952. Mpigaji wa namna hii hufurahia nafasi pana.

Lakini upana nao una gharama. Shingo pana yataka mkono uizunguke, na mwenye mkono mdogo huchoka upesi.

Tulivyofanya Uroa

Tulipopima gitaa la vijana wale tulikuta urefu milimita 648 na upana 43. Basi lilikuwa refu kwa binti na jembamba kwa mvuvi. Hakuna aliyekuwa mvivu.

Kwa binti tulipata dawa bila kununua gitaa jingine. Tulilegeza nyuzi zote sita kwa hatua moja nzima ya sauti, kisha tukafunga kibano juu ya shingo, kwenye freti ya pili. Wapigaji hukiita kapo. Asiye nacho aweza kulaza penseli juu ya nyuzi na kuikaza kwa ukanda wa mpira. Hapo sauti yarudi ilivyokuwa, lakini uzi unaolia sasa una milimita 577, yaani gitaa kubwa limekuwa kama gitaa la mwanafunzi. Mkazo umepungua karibu sehemu ishirini katika mia, na freti nne za kwanza baada ya kibano zachukua milimita 119 badala ya 134. Tofauti hiyo ni karibu upana wa kidole kimoja, na ndicho kidole alichokuwa akikikosa. Jioni ile binti alipiga wimbo mmoja mpaka mwisho, polepole, na vidole vyake vikamwuma kama vinavyomwuma kila aanzaye.

Kwa mvuvi kibano hakikusaidia, maana hakipanui shingo. Tulimwazimia gitaa la nyuzi za nailoni lenye milimita 52, na kila uzi ukalia peke yake. Binti alipolijaribu lile lile, mkono wake haukuweza kuizunguka shingo. Hapo kiongozi wao akasema, "Sasa naona. Mimi nalikuwa nikipima vidole vya watu kwa vidole vyangu."

Jambo moja mlishike sana: msifunge nyuzi za chuma katika gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni, ati kwa sababu lina shingo pana. Nyuzi za nailoni huvuta kwa jumla karibu kilo 40. Za chuma huvuta zaidi ya kilo 70. Tumbo la gitaa litavimba au litang'oka.

Kabla ya kutoa fedha

Kwanza, jueni nani atakayepiga, na atapiga namna gani. Aende dukani yeye mwenyewe, pamoja na utepe.

Pili, tazameni kimo cha nyuzi juu ya shingo. Katika gitaa la nyuzi za chuma, kwenye freti ya kumi na mbili, kimo cha milimita 2 au 3 chatosha. Zikiwa juu zaidi, gitaa lolote litakuwa gumu, nanyi mtaulaumu urefu bure. Fundi aweza kulirekebisha kosa hilo; urefu na upana ni shida kuubadili.

Tatu, mpigaji akae, abane sauti za F, ambamo kidole cha kwanza hulazwa juu ya nyuzi zote, kisha apige uzi mmoja mmoja. Akishindwa kufika, tazameni urefu. Akifika lakini nyuzi za jirani zanyamaza, tazameni upana.

Nne, ikiwa gitaa moja litatumiwa na watu wengi, tafuteni la kati: urefu wa milimita 628 au 632, na upana wa 44 na nusu. Halitampendeza kila mtu kabisa, lakini litawafukuza wachache.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini twapima mpaka freti ya kumi na mbili na kuzidisha kwa mbili?
2. Mwanafunzi asema, "Nyuzi ni ngumu, nazo ziko mbali." Ni kipimo gani? Mwingine asema, "Nikibana uzi mmoja, wa pili wanyamaza." Ni kipimo gani?
3. Kibano cha shingo chasaidia shida ipi, na shida ipi hakiisaidii?
4. Katika kwaya yenu yuko nani aliyeambiwa kwamba hana kipawa, naye hajapimiwa chombo? Mtafuteni, mkachukue utepe.