Somo la Afya: Shambulio la Moyo Kazini



Mtu akijikata panga wakati wa kuangua machikichi, kila mmoja wetu anajua la kufanya. Kidonda kinafungwa kitambaa, na mtu anakimbizwa kwa muuguzi. Lakini mtu akishika kifua, akatoka jasho jembamba na kukaa chini ya mti, tunamwambia apumzike, ni gesi, ni njaa, ni uchovu wa jua. Wengine wanaanza kuulizana ni nani aliyemtupia kitu. Kapita naye anaandika kwamba ametega kazi. Somo la leo ni juu ya mtu huyo aliyekaa chini ya mti.

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwili mzima, na wenyewe pia hula damu kwa mishipa yake midogo inayouzunguka. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga ndani ya ukuta wa mishipa hiyo, mwenyewe asijue. Siku moja ukuta unapasuka kwa ndani, damu inaganda hapo, na bonge linaziba njia, lote au nusu. Sehemu ya moyo iliyo mbele ya bonge inakosa damu na inaanza kufa. Haifi mara moja. Inakufa kidogo kidogo kwa muda wa saa chache, na ni ndani ya saa hizo tiba ina nguvu. Damu ikirudi mapema, msuli unapona. Msuli uliokwisha kufa haurudi.

Dalili kubwa ni maumivu ya kubana au uzito katikati ya kifua, kama mtu amewekewa gunia, yanayodumu zaidi ya robo saa hata akipumzika. Maumivu yanaweza kwenda begani, mkononi, mgongoni au kwenye taya. Huja pamoja na jasho, kichefuchefu na kuhema. Wanawake, wazee na wenye ugonjwa wa sukari wanaweza kukosa maumivu kabisa, wakahisi tu kuishiwa pumzi na nguvu. Kwa hiyo mama wa kwenye karai la kuchemshia mawese, au wa kwenye vichanja vya ndagala, akilalamika hivyo tusimcheke.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu na wa matajiri wa Bujumbura. Jibu limetoka kwa majirani zetu. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, watafiti waliwapima wagonjwa wa dharura waliofika wakilalamika kifua au kukosa pumzi. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Kati ya wagonjwa 681, waliokuwa na shambulio la moyo walikuwa 152, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Wengi wao hawakutambuliwa na madaktari wa zamu, na waliopewa aspirini walikuwa wachache sana. Kabla ya siku 30 kwisha, takriban wanne katika kila kumi walikuwa wamekufa. Hiyo ni hospitali kubwa ya rufaa, siyo zahanati ya kijijini. Tukiona tarakimu hizo tunajiuliza ni wangapi wa mwambao wetu wamezikwa kwa jina la gesi au la sumu.

Sasa juu ya aspirini, kidonge tunachokidharau kwa kuwa ni cha bei ndogo. Mwaka 1988 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa ISIS-2, uliofanywa kwa wagonjwa 17,187 katika hospitali 417 za nchi mbalimbali. Wengine walipewa aspirini, wengine dawa ya kuyeyusha bonge iitwayo streptokinasi, wengine zote mbili, na wengine hawakupewa hata moja. Baada ya wiki tano, kati ya kila wagonjwa 100 wasiopewa dawa hizo, 13 walikuwa wamekufa kwa moyo na mishipa. Kati ya waliopewa zote mbili walikufa 8. Aspirini peke yake iliokoa karibu mmoja katika kila wanne ambao wangekufa.

Hutafunwa, haimezwi nzima, ili iingie haraka. Kipimo ni miligramu 150 hadi 300. Kidonge cha 500 kikatwe, nusu yatosha. Parasetamoli haifanyi kazi hii. Asipewe mtu ambaye aspirini inamdhuru, wala anayetapika damu au kupata choo cheusi. Na aliyepooza ghafla mkono au upande wa uso ana ugonjwa mwingine, kiharusi. Huyo naye asipewe, akimbizwe tu.

Mgonjwa asitembee mwenyewe hadi barabarani. Aketishwe ameegemea, nguo zilegezwe, na gari litafutwe wakati huohuo. Akizimia na kuacha kupumua, mmoja ampige magoti kando na kumkandamiza kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana mpaka msaada ufike.

Hospitalini jambo la kwanza ni kipimo cha umeme wa moyo, na kanuni ya madaktari ni kwamba kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa kuingia. Mshipa ukiwa umezibwa kabisa, tiba bora ni kuupanua kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani, kama wafanyavyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini kanuni inasema mgonjwa asipoweza kupata mrija huo ndani ya dakika 120, asingojeshwe, apewe dawa ya kuyeyusha bonge pale alipo, mradi saa 12 hazijapita tangu maumivu kuanza na hana hatari ya kuvuja damu. Kwetu jambo hili ni zito. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilometa 70 na zaidi, kwa barabara inayobanwa kati ya mlima na ziwa. Mwaka 2015 maporomoko yaliikata Gitaza, na mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda huku petroli ikiadimika. Dawa inayongoja Bujumbura haimfai mtu wa Kigwena.

Kwa anayepona, dawa ni za kila siku, na wengi huziacha fedha zikiisha au vidonge vikizidi. Mwaka 2022 utafiti wa SECURE, kwa wagonjwa 2,499 wa Ulaya, ulionyesha kwamba kidonge kimoja chenye aspirini, dawa ya presha na dawa ya mafuta ya damu kilipunguza vifo vya moyo na mashambulio mapya kwa karibu robo, kuliko utaratibu wa kawaida wa dawa mbalimbali. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya namna hiyo katika orodha ya dawa za lazima. Sigara nayo iachwe kabisa, na chumvi ya ndagala ioshwe.

Katika kiwanda kimoja cha mwambao huu, ambacho hatukitaji, mwenzetu aliyeomba ruhusa kwa maumivu ya kifua alikatwa mshahara wa siku. Kwa hiyo tunataka mapatano yaandikwe: aspirini katika kila sanduku la huduma ya kwanza, gari na dereva wanaojulikana kwa kila zamu, na saa za kumpeleka mgonjwa zilipwe, zake na za anayemsindikiza. Wajumbe wa mashina waende pia hospitalini kwa adabu na kuuliza: mashine ya umeme wa moyo inafanya kazi hata usiku? Dawa ya kuyeyusha bonge ipo? Majibu yaandikwe na kuletwa kwa katibu kabla ya mkutano na waajiri.